Upana wa Chumba: Shehena ya Majahazi katika Hori la Dubai

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeitazama ramani ya Dubai kwa mara ya kwanza hukutana na neno Khor na kulipita. Tungemwomba asimame hapo kidogo. Khor ni hori, yaani sehemu ya bahari iliyoingia nchi kavu, na neno letu limetokana na hilo la Kiarabu. Hori hilo linaukata mji wa kale sehemu mbili: Deira upande mmoja, Bur Dubai na Shindagha upande wa pili. Ukingoni mwa Deira ndipo lilipo gati la majahazi, ambako hata katika miaka yetu hii shehena imekuwa ikipangwa nje, juani, hatua chache kutoka barabarani: majokofu, matairi, magodoro, viyoyozi, magunia ya vyakula. Watalii hupiga picha za majahazi. Sisi tunataka kuizungumzia shehena.

Tuna sababu ya kufanya hivyo. Katika mijadala ya chama chetu, mtu akiuliza ubunifu unatoka wapi, majibu huelekea kwa washairi wakubwa, wachoraji na majumba ya makumbusho. Historia ya gati hili inatuonyesha njia nyingine. Mtindo wa kujenga, wa kuvaa na hata wa kucheza ngoma ulisafiri kati ya Ghuba na pwani yetu ukiwa mzigo wa kawaida au ukiwa umebebwa na watu wa kawaida, bila yeyote kuuita sanaa.

Tuanze na boriti. Pwani ya Ghuba ina uhaba mkubwa wa miti ya kujengea. Mitende ipo, lakini shina la mtende si mti wa kutegemewa sana darini. Kwa hiyo, kwa karne nyingi wajenzi wa huko walitegemea mikoko ya Afrika Mashariki, hasa ya Lamu na ya delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na bidhaa nyingine, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti zilizohesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Wenyeji wa Ghuba huziita chandal. Mkoko ni mgumu na mchwa hawauwezi kwa urahisi. Hata hivyo boriti ina mpaka wake: nafasi kati ya ukuta na ukuta ikizidi mita 3 hivi, huanza kulemewa na uzito wa dari ya mawe, chokaa au udongo iliyo juu yake.

Mpaka huo ndio uliochora nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu ni vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Tajiri hakuweza kukipanua chumba. Aliweza kukirefusha tu, au kuongeza kingine. Ng'ambo, katika mitaa ya kale ya Deira kama Al Ras, ilipo shule ya Al Ahmadiya iliyojengwa mwaka 1912, vyumba vimepangwa kuzunguka ua. Mpango ni tofauti, lakini chumba chenyewe tunakitambua: kirefu, chembamba, chenye safu ya boriti juu. Wageni wakiketi katika majlisi ya namna hiyo, huegemea kuta na kutazamana kwa karibu.

Kuna jambo ambalo kwa maoni yetu halijasisitizwa vya kutosha. Fundi aliyenyimwa upana alipeleka ustadi wake ukutani. Huko Lamu alijenga zidaka, safu juu ya safu, na kuzinakshi kwa chokaa. Katika Ghuba alichonga jasi na kuacha vishubaka vya kuwekea taa na vyombo. Hatudai kwamba Lamu ilimfundisha fundi wa Deira, au kwamba Deira ilimfundisha wa Lamu. Uajemi na India nazo zina mkono mkubwa katika nakshi hizo zote. Tunachosema ni kwamba mafundi wa pande mbili za bahari walipewa tatizo moja na mti mmoja.

Biashara hiyo ilidumu hadi karne ya ishirini. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait, aina ya bumu, akiwa na nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Walishuka hadi Zanzibar, wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti, wakarudi Ghuba. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilichapishwa mwaka 1940, na kurasa zake za Rufiji ni za tope, mbu na jasho. Msomaji anayezistaajabia dari za kale za Ghuba angefanya vyema kuzisoma kurasa hizo kwanza. Tungetamani tu Villiers angewasikiliza zaidi wakata mikoko wa Rufiji kama alivyomsikiliza nahodha wake.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Chini ya Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeanza kutawala mwaka 1958, hori lilichimbwa mchanga ili vyombo vikubwa vipite, na kufikia mwaka 1961 kazi hiyo ilikuwa imebadili kabisa biashara ya mji. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966. Saruji na nondo zikafika, na kwa nondo chumba huweza kuwa na upana wowote. Upande wetu nako mikoko ilikuwa imekatwa mno, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Leo majengo mapya ya kitalii mjini Dubai hupachikwa ncha za miti zinazochomoza ukutani kama katika nyumba za kale. Hazishikilii dari yoyote. Ni pambo, na mgeni hupendezwa nalo bila kujua kwamba kilichoigwa ni mti wa tope la Rufiji.

Nguo tuziguse kwa ufupi, maana wasomaji wetu wanazijua kuliko sisi. Siku hizi mzigo unakuja huku zaidi kuliko unavyokwenda. Wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hununua vitambaa na mabaibui katika masoko ya Deira, na fundi cherehani wa mtaani kwetu huutazama mshono wa Dubai, akauiga, akaubadili kidogo. Wengine hulalamika kwamba baibui la zamani la pwani limepotea kwa sababu hiyo. Malalamiko hayo tunayaelewa, ingawa hata hilo la zamani lilikuwa na asili yake ng'ambo.

Ngoma ina habari nzito zaidi. Katika Falme za Kiarabu, kama ilivyo Oman, Bahrain na Kuwait, huchezwa ngoma iitwayo leiwa. Mpiga zumari husimama kati, wachezaji humzunguka taratibu, na mwendo huongezeka kadiri ngoma inavyokolea. Kuna ngoma kubwa ya kusimama ambayo jina lake halijatoka mbali na msondo wetu, na mahali pengi debe la mafuta hupigwa kwa vijiti pamoja nazo. Ndani ya nyimbo mna maneno ya Kiswahili. Leo leiwa huonekana kwenye arusi na sherehe za taifa, na huitwa urithi wa Ghuba, nayo kwa kweli ni urithi wa Ghuba.

Lakini haikufika kwa njia ya boriti. Waliokwenda nayo ni mabaharia, na pia watu waliochukuliwa utumwani Afrika Mashariki wakapelekwa kupiga mbizi za lulu na kulima mitende. Hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, wengine waliendelea kupelekwa huko kwa siri. Vizazi vyao vilipoacha kuzungumza Kiswahili, maneno yalibaki ndani ya wimbo, yakichakaa, hadi waimbaji wengi wakawa wanayaimba bila kuyafasiri. Tukiisifu leiwa kama chemchemi ya ubunifu na kunyamaza kuhusu watu hao, tutakuwa tumefanya kama yule mjenzi wa ncha za miti.

Wanamuziki na wanaanthropolojia wamezirekodi ngoma hizi. Kazi ya msamiati inahitaji watu wa Kiswahili: kuyasikiliza maneno yaliyochakaa, kuyalinganisha na lahaja za Kimrima, Kiunguja na Kiamu, na kuona lipi lilitoka wapi. Tunawaomba walimu wetu waifikirie kama mada ya tasnifu. Sisi tungeanza na majina ya ngoma zenyewe.