Vikundi vya hatua 12: AA, NA na kile vinaomba kwa mutu

Katika Kasongo na Kabambare, mutu akishindwa na lotoko ao bangi, jamaa inamupeleka kwa padri, kwa shehe ao kwa muganga. Kuna njia ingine, na hii ilianzishwa na walevi wenyewe.

Kikundi cha kwanza ni Alcooliques Anonymes, AA. Kilianza mwaka 1935 katika muji wa Akron, Marekani, na watu wawili waliokuwa wamefungwa na pombe: Bill Wilson, mutu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari mupasuaji. Wilson aliona kwamba akizungumuza na mulevi mwenzake, yeye mwenyewe anapata nguvu ya kutokunywa. Hatua 12 zilichapishwa mwaka 1939. Kwa kifupi: kukubali kwamba pombe imekushinda, kutegemea nguvu inayokupita, kuandika makosa yako na kuyasema mbele ya mutu mwingine, kutengeneza mambo na wale uliowakosea, kisha kusaidia mulevi mwingine. Hiyo ya kuwarudilia wale uliowakosea ndiyo inakimbiza wengi.

Narcotiques Anonymes, NA, ilizaliwa California mwaka 1953 kwa kuazima hatua zilezile. Tofauti iko kwenye neno moja. AA inasema pombe. NA inasema uraibu, maana yake utumwa wa kitu chochote kinacholevya, na pombe nayo inahesabiwa humo. Kwa NA, kijana aliyetupa bangi lakini anaendelea na lotoko hajaacha kitu. Muchimbaji wa zahabu anayechanganya vyote viwili angejikuta vizuri zaidi NA. Mzee wa lotoko peke yake, AA. Bibi na watoto wa mulevi wako na chao, Al-Anon, tangu 1951.

Je, ni kanisa? Hapana, hata kama hatua zinamutaja Mungu, kwani kila mutu anabaki na namna yake ya kumufahamu. Jambo hili ni kubwa kwa Kasongo, muji wa askofu Mukatoliki na wa Waislamu wengi pia. Zanzibar, fasi karibu watu wote ni Waislamu, nyumba za kuachia heroini zilifunguliwa kuanzia 2009, na ndani yake wanafuata hatua za NA. Celebrate Recovery, iliyoanza mwaka 1991 katika kanisa moja la California, iko tofauti: inamutaja Yesu wazi. Mukristo atafurahi, Mwislamu atabaki mulangoni.

Inasaidia kweli? Mwaka 2020 watafiti walikusanya uchunguzi 27 wenye watu zaidi ya 10,000. Kwa kuacha pombe kabisa, AA na matunzo yanayopeleka watu AA vilifanya kazi sawa na matunzo mengine, mara nyingi hata kuyapita. Uchunguzi huo ulihusu pombe, si bangi wala heroini.

Lakini kikundi si hospitali, na hapa watu wanaweza kufa. Mutu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata pombe kwa mara moja, anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwako, na kupoteza maisha ndani ya siku chache. Familia inayomufungia ndani ya chumba ili aache kwa nguvu inamuweka katika hatari. Huyo apite kwanza kwa daktari, mukutano ufuate. Kuacha heroini kunaumiza vibaya sana, ila ni mara chache kunaua.

Kuhusu makuta, hakuna ada ya kuingia. AA inakataa hata zawadi za watu wa inje. Wanachama wanachanga wenyewe kidogo. Kigumu zaidi kwa muji mudogo ni siri: yaliyosemwa ndani yanabaki ndani, na huku kwetu habari inafika sokoni mbele ya mwenyewe. Kwa kuanza, hakuombwi jengo wala barua ya mukubwa yeyote. Wanaombwa watu wawili wanaotaka kuacha, na saa moja waliyopatana.