Namba nasibu: Kinga ya mitandao inayoanza na sekunde za kwanza za kifaa

UMEME unapokatika katika mtaa mmoja wa Jiji la Mwanza na kisha kurejea, ruta za ofisini, za maduka na za majumbani huwaka karibu kwa wakati mmoja. Katika sekunde hizo za mwanzo, programu zilizopachikwa ndani ya vifaa hivyo hufanya kazi ambayo watumiaji wengi hawaifahamu. Hutafuta namba ambazo hakuna mtu anayepaswa kuweza kuzibashiri. Namba hizo huitwa namba nasibu, na ubora wake ndio unaoamua iwapo mtandao utakuwa na utulivu na usalama, au utakuwa mlango uliofungwa kwa kufuli ambalo kila mtu ana ufunguo wake.

Namba nasibu zina kazi kuu mbili katika mitandao. Kazi ya kwanza ni kuzuia msongamano, na ya pili ni kulinda siri. Kazi hizi hazihitaji namba za ubora uleule, na makosa mengi ya kiufundi yametokana na watengenezaji kuzichanganya.

Mfano wa kazi ya kwanza unapatikana katika mwalo wowote kandokando ya Ziwa Victoria. Alfajiri, mitumbwi inapotia nanga na wavuvi pamoja na wachuuzi kuanza kupigiana simu kuulizana bei ya dagaa na sangara, simu nyingi huuomba mnara mmoja nafasi ya kuzungumza. Katika mfumo wa GSM, simu hutuma kwanza ombi fupi la biti 8. Sehemu ya biti hizo hueleza sababu ya ombi, na zilizobaki ni nasibu. Mnara ukijibu, huirudia namba hiyo ili simu itambue kuwa jibu ni lake. Simu mbili zikituma kwa wakati mmoja, mawimbi yake hugongana na maombi yote mawili huweza kupotea. Hapo kila simu husubiri kwa muda wa nasibu kabla ya kujaribu tena. Kama zote zingesubiri muda uleule, zingegongana tena na tena, na hakuna ambayo ingesikika.

Utaratibu huo una asili ya visiwani. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Profesa Norman Abramson, kilizindua mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet kwa ajili ya kuunganisha kompyuta zilizotenganishwa na bahari. Vituo vyote vilituma kwa masafa mamoja, na kituo ambacho ujumbe wake haukufika kilisubiri muda wa nasibu na kutuma upya. Wazo hilo lilirithiwa baadaye na mtandao wa waya wa Ethernet. Katika mtandao huo wa awali, baada ya mgongano wa kwanza kifaa huchagua kusubiri vipindi 0 au 1, baada ya mgongano wa pili huchagua kati ya 0 na 3, baada ya wa tatu kati ya 0 na 7, na kuendelea hadi 1,023. Baada ya majaribio 16 yaliyoshindwa, kifaa huacha kutuma.

Kwa sababu hiyohiyo, kanuni za DHCP za mwaka 1997, ambazo hutumika kugawa anuani za mtandao, zinashauri kifaa kinachowaka kisubiri muda wa nasibu kati ya sekunde 1 na 10 kabla ya kuomba anuani. Ushauri huo unafaa zaidi pale ambapo umeme hukatika na kurejea kwa mtaa mzima kwa pamoja.

Hata hivyo, kompyuta haiwezi kurusha dadu. Programu huanza na namba moja iitwayo mbegu, kisha huizungusha kwa hesabu. Chukua mbegu 7, zidisha kwa 5, jumlisha 3, gawanya kwa 16 na ubakize salio. Jibu ni 6. Ukirudia utapata 1, kisha 8, 11, 10 na 5. Mfululizo huo unaonekana kama bahati nasibu, lakini yeyote anayeijua mbegu na kanuni ataupata wote bila kukosea. Fomula bora za kisasa ni tata kuliko hiyo, lakini zote zina sharti moja: mbegu ikijulikana, kila kitu kimejulikana.

Kompyuta ya mezani huokota mbegu yake katika mambo yasiyotabirika, kama vile mpishano wa muda kati ya herufi zinazobonyezwa, mwendo wa mausi na mzunguko wa diski. Ruta ndogo haina kibodi, haina mausi wala diski ya kuzunguka. Nyingi hazina hata saa yenye betri, hivyo kila zinapowaka huamini kuwa tarehe ni ileile iliyowekwa kiwandani. Ruta elfu moja za aina moja zinaweza kuamka zikiwa na hali inayofanana, na hivyo kuota mbegu zinazofanana.

Baadhi ya watengenezaji hutumia anuani ya kifaa ya biti 48 kuwa mbegu. Kwa kazi ya kuzuia migongano hilo linatosha, kwani anuani za vifaa hutofautiana. Kwa kazi ya kulinda siri halifai kabisa, kwa sababu anuani hiyo huonekana na kila aliye kwenye mtandao huohuo.

Madhara yake yamethibitishwa. Mwaka 2008 iligundulika kuwa badiliko lililofanywa mwaka 2006 katika programu ya OpenSSL ya mfumo wa Debian lilikuwa limeifanya mbegu itegemee karibu namba ya mchakato pekee, ambayo haikuzidi 32,768. Funguo zilizodhaniwa kuwa hazihesabiki ziliweza kuorodheshwa zote. Mwaka 2012, Nadia Heninger na wenzake walichunguza vifaa vilivyounganishwa kwenye intaneti duniani kote, wakafanikiwa kupata funguo za siri za asilimia 0.50 ya vile vilivyotumia ulinzi wa TLS. Vingi kati ya hivyo vilikuwa ruta na vifaa vingine vidogo.

Mbinu yao inaeleweka kwa hesabu za shule ya msingi. Ufunguo wa RSA ambao huonekana na watu wote hutokana na kuzidisha namba tasa mbili za siri. Vifaa viwili vikianza na mbegu moja, namba tasa ya kwanza hufanana, hata kama ya pili itatofautiana. Tuseme kimoja kina 77 na kingine kina 91. Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo ni 7, na papo hapo siri zote zinafichuka: 7 na 11, 7 na 13. Kwa namba ndefu halisi hesabu hiyo bado ni nyepesi kwa kompyuta, ingawa kuutafuta ufunguo mmoja pekee kungeshindikana.

Si kila namba nasibu hubeba mzigo wa siri. Tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 ina biti 4 tu za nasibu, yaani uwezekano wa namba 16. Ulinzi wake umo katika ufunguo wa siri wa mita. Tokeni hiyo pia hubeba hesabu ya dakika ya biti 24, iliyoanzia mwaka 1993 na kufikia ukomo Novemba 24, 2024. Ndiyo maana wateja wa TANESCO walitakiwa kuboresha mita zao kabla ya siku hiyo.

Tiba ya tatizo la mbegu inafahamika. Chipu nyingi za sasa zina sehemu inayopima mtikisiko wa umeme utokanao na joto, ambao hautabiriki. Pasipo chipu hiyo, kiwanda kinaweza kuweka mbegu ya siri tofauti katika kila kifaa. Kifaa nacho huibadilisha na kuihifadhi mara tu kinapowaka, bila kungoja kuzimwa, kwani umeme ukikatika ghafla hakuna muda wa kuhifadhi chochote. Tangu mwaka 2014, mfumo wa Linux una wito uitwao getrandom, ambao kwa kawaida huizuia programu kupewa namba hadi mbegu ya kutosha ipatikane.

Tahadhari iliyobaki ni ya fundi anayefunga kifaa. Ufunguo wa siri haupaswi kutengenezwa katika sekunde ya kwanza ya kuwaka kwa mara ya kwanza. Kifaa kikiachwa kipokee mawasiliano kwa muda, mbegu hukomaa. Funguo zilizokuja nazo kutoka kiwandani, ambazo huenda zimo katika maelfu ya vifaa vingine, zinapaswa kufutwa na kutengenezwa upya.