Litowa na Safari ya Ujamaa Vijijini
Kabla Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa, halijatangazwa Februari 1967, vijana wa chama tawala cha TANU walikuwa wamekwisha kuanzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea, ambako walilima shamba la pamoja kwa hiari yao na kuamua mikutanoni kipi kilimwe na mapato yagawanywe vipi. Vijiji vilivyofuata mfano huo viliunda chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa ufupisho wa RDA, ambacho kilimiliki hata mashine ya kusaga nafaka. Na jambo hilo halikuwa dogo, kwa kuwa mkulima asiye na mashine huuza mahindi kwa bei ya chini na kununua unga kwa bei ya juu. Uhuru huo wa kujiamulia, ambao kwa kweli ndio uliokuwa kiini cha ujamaa wenyewe, uliwaudhi viongozi wa mkoa, na Septemba 1969 TANU ikaivunja RDA.

Hiari ya aina ya Litowa ikageuka shuruti: Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya kuwahamishia wakulima katika makazi ya pamoja, iliwakumba mamilioni ya watu katika miaka ileile ya ukame, hata serikali ikalazimika kuagiza nafaka kutoka nje. Ukame ulichangia, lakini peke yake hauelezi upungufu ule wa nafaka. Uhamisho nao ulichangia: shule na zahanati zilisogea karibu, ilhali mashamba ya wengi yalibaki mbali na nyumba mpya.