Shule za Topeka Zilivyopimwa

Wasomaji wengi wamekwisha kumwona mkaguzi akija shuleni. Hufika na daftari lake, huhesabu madawati, hutazama paa na choo, huuliza mwalimu alisoma chuo gani, na vitabu vyatosha watoto wangapi. Kisha shule hii huandikwa njema, na ile ya kijiji cha pili huandikwa duni. Sina ubishi na kazi hiyo, maana shule isiyo na paa ni taabu kubwa wakati wa masika. Lakini nataka kusimulia habari za mji mmoja wa Marekani ambako shule zilipimwa hivyo mbele ya majaji, zikaonekana kuwa sawasawa, wala shauri halikwisha kwa hayo. Ndipo lilipopata nguvu.

Mji huo ni Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas. Kansas iliingia katika umoja wa Marekani mwaka 1861 ikiwa jimbo lisilo na utumwa, na watu weusi wengi waliotoka kusini walihamia huko wakitafuta uhuru na mashamba. Hata hivyo sheria ya mwaka 1879 iliipa miji yenye watu zaidi ya 15,000 ruhusa ya kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za mwanzo. Sheria haikulazimisha, iliruhusu tu. Na Topeka wakaitumia ruhusa hiyo. Wazazi weusi wa Kansas hawakunyamaza. Tangu mwaka 1881 hata 1949 walipeleka kortini mashauri 11 juu ya shule, mengine wakashinda, mengine wakashindwa.

Mwaka 1951 mji ulikuwa na shule za mwanzo 18 za watoto weupe na 4 za watoto weusi, nazo ni Buchanan, McKinley, Monroe na Washington. Jambo la ajabu ni kwamba kuanzia darasa la saba watoto walisoma pamoja. Basi waliotengwa ni wale wadogo, wasioweza hata kuuliza sababu.

Katika mji huo alikaa Oliver Brown, fundi wa kuunga vyuma katika karakana ya reli ya Santa Fe, tena msaidizi wa mchungaji kanisani kwake. Binti yake Linda alisoma shule ya Monroe. Kila asubuhi mtoto aliondoka nyumbani kabla ya saa mbili, akapita kwa miguu penye njia za reli, akasimama kungojea basi katika baridi ya Kansas, ambayo si baridi ya kuchezea. Kisha akapelekwa Monroe, mwendo wa maili moja hivi kutoka kwao, na pengine akangoja tena nje hata mlango ufunguliwe saa tatu. Shule ya Sumner ilikuwa karibu zaidi, mwendo wa mitaa saba tu. Mwaka 1950 baba yake alimshika mkono akampeleka Sumner kuandikishwa, wakakataliwa. Wazazi wengine walifanya vivyo hivyo kwa shauri la chama cha kutetea haki za watu weusi, ambacho mwenyekiti wake katika mji huo alikuwa McKinley Burnett. Hata mwezi wa Februari 1951 wazazi 13 kwa ajili ya watoto 20 wakaishtaki halmashauri ya shule za Topeka. Katika hao 13 Brown peke yake alikuwa mwanamume. Wengine wote walikuwa akina mama.

Majaji watatu wakasikiliza shauri mwezi wa Juni, mkubwa wao Walter Huxman, aliyekuwa zamani gavana wa jimbo. Zikapimwa nyumba za shule, masomo, vitabu, na elimu ya walimu. Monroe ilikuwa nyumba imara ya matofali, iliyojengwa mwaka 1926. Walimu wake weusi walikuwa wamesoma sana, hawakupungukiwa na wenzao weupe. Katika jambo moja watoto weusi walipewa hata zaidi, yaani basi la bure, ambalo watoto weupe hawakuwa nalo. Mkaguzi gani angeandika kwamba Monroe ni shule duni? Majaji nao hawakuandika hivyo. Mwezi wa Agosti walitoa hukumu kwamba shule zalingana, na kwa kuwa Korti Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1896 kwamba kutenga si kosa mradi pande zote mbili ziwe sawa, wazazi wameshindwa.

Lakini Huxman alitia neno jingine katika hukumu ile ile. Alisema kwamba kuwatenga watoto weusi kwawadhuru, maana hufahamika kuwa ni alama ya unyonge wao, na mtoto aliyeonwa mnyonge hupungukiwa na hamu ya kujifunza. Kwa hiyo hukumu iliwashinda wazazi, na papo hapo ikawapa silaha ya kwenda nayo mbele.

Ili tuone nguvu ya silaha hiyo, tutazame wilaya ya Clarendon katika jimbo la South Carolina, ambako wazazi walishtaki wakati ule ule. Huko kupima kulikuwa rahisi. Watoto weusi 6,531 walikuwa na shule 61, nyingi vibanda vya mbao. Watoto weupe 2,375 walikuwa na shule 12. Katika mwaka wa masomo 1949 hata 1950 serikali ilitumia dola 179 kwa kila mtoto mweupe, na dola 43 kwa kila mtoto mweusi. Weupe walikuwa na mabasi 30, weusi hawakuwa na hata moja. Aliyewaongoza wazazi hao, Joseph DeLaine, alikuwa mchungaji na mwalimu. Alifukuzwa kazi ya ualimu, na mwaka 1951 nyumba yake iliteketea kwa moto. Mbele ya hesabu kama hiyo hata majaji wa kusini hawakuweza kukana. Basi walisema nini? Walisema, Jengeni. Gavana James Byrnes akatoza kodi mpya, ikapangwa akiba ya dola milioni 75 za kujenga shule, ili watoto weusi wapate nyumba nzuri wakae humo peke yao.

Hapo ndipo hatari ya daftari la mkaguzi inapoonekana. Ukilalamika juu ya matofali tu, utajibiwa kwa matofali. Topeka hapakuwa na jibu la namna hiyo, kwa sababu matofali yalikuwapo tayari. Mashauri hayo mawili na mengine matatu yakafika pamoja mbele ya Korti Kuu, na jina la Brown likatangulia. Wakili mkubwa wa wazazi alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya walipojadili katiba yao, na katika nchi hiyo nayo shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9, mkuu wao Earl Warren, wakaamua kwa sauti moja kwamba shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa. Waliyataja maneno ya Huxman katika hukumu yao.

Sasa nina neno moja ambalo huachwa na wengi wanaosimulia habari hii. Walimu wa Monroe hawakushtakiwa na mtu. Majaji waliwasifu, na wanafunzi wao walipokuwa watu wazima waliwakumbuka kwa upendo. Lakini mwezi wa Machi 1953, kabla ya hukumu kuu, baadhi ya walimu weusi wa Topeka walipata barua kwamba huenda wasiandikwe kazi mwaka utakaofuata, kwani utengano ukiisha, wazazi weupe wengi hawatataka mwalimu mweusi awafundishe watoto wao. Elimu yao haikuwa imepungua hata kidogo tangu walipopimwa mwaka 1951. Katika majimbo ya kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Yakisiwa kwamba tangu 1954 hata 1965 walimu weusi na wakuu wa shule wapatao 38,000 walipoteza kazi zao. Mtoto aliruhusiwa kuingia mlango wa Sumner, mwalimu wake akaambiwa asubiri nje.

Shauri lenyewe lilifunguliwa tena mwaka 1979, na Linda, aliyekuwa sasa mama mwenye watoto shuleni, alikuwa miongoni mwa walioshtaki, wakisema kwamba shule za Topeka bado zimetengana kwa mitaa ya makazi. Halikufungwa hata mwaka 1999. Monroe iliacha kuwa shule mwaka 1975, na tangu mwaka 2004 ni nyumba ya makumbusho.