Nyota mbili na ubishi wetu

Januari umeme wa kituo cha vijana ulikatika saa mbili usiku, tukatoka nje. Vijana wawili wakaanza kubishania Orioni, lile kundi lenye nyota tatu za mstari. Mmoja alisema Betelgeuse, ile nyekundu, ndiyo inang'aa zaidi. Mwenzake akashikilia Rigel, ile nyeupe ya upande wa pili. "Kaka, wewe umesoma, amua." Nikaamua haraka: Rigel. Yule wa Betelgeuse alichekwa sana, na wiki mbili hakuja kwenye kikundi.

Kumbe nilijibu nusu.

Mnamo mwaka 150 hivi Ptolemy wa Aleksandria, Misri, aliorodhesha nyota zaidi ya 1,000 kwa madaraja sita: la kwanza kwa nyota kali, la sita kwa zinazoonekana kwa shida. Ndiyo maana hadi leo namba ndogo ni nyota kali, jambo lililonisumbua sana shuleni. Kipimo chake kilikuwa jicho tu. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson akaweka hesabu: madaraja matano ni mwanga mara 100, yaani daraja moja ni mara 2.5 hivi.

Halafu zikaja picha. Sahani za kioo za karne ya 19 zilishika vizuri mwanga wa buluu, ila mwekundu karibu hazikuuona. Nyota nyekundu zikatoka hafifu. Nyota ileile, namba mbili! Ikabidi kila namba iandikwe na mwanga iliopimiwa. Mwaka 1953 Harold Johnson na William Morgan wa Marekani walitoa utaratibu wa vichujio vitatu: urujuanimno, buluu, na kimoja kinachokaribia jicho letu.

Sasa tazama. Kwa kichujio cha jicho Rigel ni 0.1, Betelgeuse 0.5 hivi, tofauti ndogo. Kwa buluu Betelgeuse inashuka hadi 2.3 hivi, inashindwa zaidi ya mara saba. Lakini kwa infraredi, mwanga usioonekana ila ngozi inausikia karibu na jiko la mkaa, Betelgeuse inafika hasi 4 na Rigel inabaki karibu na 0. Hapo nyekundu inashinda mara 40 hivi, kwa kuwa uso wake ni baridi kuliko wa Rigel, na nyota baridi humwaga mwanga wake mwingi huko.

Na bado hiyo si nguvu halisi ya nyota. Kwanza unaondoa umbali, kila nyota unaihesabu kama iko miaka ya nuru 32.6. Sirius ikiwekwa huko inakuwa 1.4, Jua 4.8. Tofauti ya 3.4 ni mara 23, lakini kwa kichujio cha jicho tu. Mwanga uliobaki nje ya kichujio lazima uongezwe.

Nilimfuata yule kijana kwao na daftari. Alisoma namba za infraredi mara mbili.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Kwa jicho ulikosea kidogo. Mimi ndiye sikuuliza ni mwanga gani."

Akaomba daftari akamwonyeshe mwenzake. Hajalirudisha.