Northwestern: Chuo Kikuu cha Kiungani na Mipaka Yake

Northwestern ni neno la Kiingereza lenye maana ya kaskazini-magharibi. Atazamaye ramani ya Marekani ya leo hushangaa kuona kwamba chuo kikuu chenye jina hilo kiko Evanston, kando ya Ziwa Michigan, kilomita 20 hivi kutoka katikati ya Chicago, mbali mno na pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Jawabu limo katika historia. Chuo kilipoasisiwa, nchi za maziwa makuu ya Marekani zilikuwa zingali zikitajwa kwa jina la utawala wa zamani, yaani Eneo la Kaskazini-Magharibi. Mipaka ya taifa ilisogea hadi Bahari ya Pasifiki, jina likabaki palepale. Makala haya yanachunguza mpaka wa namna nyingine: ule uliowekwa na waasisi baina ya chuo na ulimwengu wa nje, na jinsi ulivyovunjwa na wale waliokuwa wamezuiliwa nao.

Tarehe 31 Mei 1850 watu tisa wa madhehebu ya Methodisti walikutana mjini Chicago katika ofisi ya Grant Goodrich, mwanasheria, wakaazimia kuanzisha chuo kikuu. Hati ya kukiidhinisha ilitolewa na serikali ya jimbo la Illinois mwezi wa Januari 1851. Miaka miwili baadaye ilinunuliwa ardhi ya ekari 379 nje ya mji, na mji mdogo uliochipuka hapo ukapewa jina la John Evans, tabibu na mmoja wa waasisi. Masomo yalianza Novemba 1855, chuo kikiwa na walimu wawili na wanafunzi kumi, wote wanaume.

Kuchagua kiunga badala ya mji hakukuwa suala la bei ya ardhi peke yake. Waasisi walitaka kuwaepusha vijana na vishawishi vya Chicago. Mwaka 1855 hati ya chuo ilirekebishwa, ikapigwa marufuku kuuza vileo katika eneo la maili nne kutoka chuoni, isipokuwa kwa tiba, kwa kazi za ufundi au kwa ibada. Aidha, mali ya chuo ilisamehewa kodi. Hivyo chuo kilipata mipaka miwili ya kisheria: mmoja ulizuia pombe isiingie, na mwingine ulizuia mtoza kodi asiingie. Wa kwanza ulidumu zaidi ya karne moja, kwani hoteli na mikahawa ya Evanston iliruhusiwa kuuza pombe mwaka 1972. Wa pili umekuwa chanzo cha ugomvi wa mara kwa mara baina ya chuo na halmashauri ya mji.

Usafi huo wa maadili una upande wake wa giza. John Evans alikuwa gavana wa Colorado wakati askari walipowaua watu wa makabila ya Cheyenne na Arapaho, wengi wao wanawake na watoto, huko Sand Creek tarehe 29 Novemba 1864. Kamati ya wasomi iliyoundwa na chuo chenyewe ilitoa ripoti mwaka 2014. Ilisema kwamba haukuonekana ushahidi wa Evans kuyapanga mauaji hayo, bali alishiriki katika kuzusha hali iliyoyaleta, na baadaye akayatetea. Yafaa kukisifu chuo kwa kuruhusu uchunguzi huo, ingawa ulichukua miaka 150 kufanywa.

Wa kwanza kuuvuka mpaka walikuwa wanawake. Baraza la wadhamini lilikubali kuwapokea mwaka 1869. Frances Willard, aliyekuwa mkuu wa chuo cha wanawake kilichokuwa jirani, aliwekwa kuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike vyuo hivyo viwili vilipounganishwa mwaka 1873. Baadaye alipata kujulikana ulimwenguni kwa kuongoza harakati za wanawake za kupinga ulevi.

Maisha ya wanafunzi yalijijengea mila zake. Mwaka 1892 rangi ya zambarau ilifanywa kuwa rangi rasmi ya chuo. Kuna jiwe kubwa lililotolewa zawadi na wahitimu wa mwaka 1902, ambalo wanafunzi hulipaka rangi na kuliandika ujumbe wao. Kwa desturi, kundi litakalo kulipaka hulilinda kwanza mchana kutwa na usiku kucha. Katika miaka ya 1960 hata ziwa lilisogezwa: zaidi ya ekari 70 zilifukiwa ili chuo kipate nafasi ya kujenga.

Bara la Afrika liliingia kupitia darasani. Mwaka 1927 alifika Melville Herskovits, mwanaanthropolojia, na mwaka 1948, kwa msaada wa shirika la Carnegie, akaanzisha programu ya taaluma za Kiafrika, ya kwanza ya aina yake katika chuo kikuu kikubwa cha Marekani. Katika kitabu chake cha 1941 alipinga dhana kwamba Wamarekani weusi walipoteza urithi wao wote wa Kiafrika. Alikuwa pia rais wa kwanza wa chama cha wasomi wa taaluma hizo, kilichoundwa mwaka 1957.

Hata hivyo, pana kinzano ambayo mwanahistoria hawezi kuipita kimya. Hadi miaka ya 1940 mabweni ya chuo yalifungwa kwa wanafunzi weusi. Ilibidi wapange kwa jamaa weusi wa upande wa magharibi wa mji. Herskovits mwenyewe hakuunga mkono mradi wa W. E. B. Du Bois wa kutunga ensaiklopidia ya watu weusi. Mwafrika alikuwa mada kabla ya kuwa mkazi, na aliandikwa kabla ya kukubaliwa kuandika.

Mwezi mmoja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, tarehe 3 Mei 1968, wanafunzi weusi zaidi ya 100 waliiteka ofisi ya kupokea karo. Walidai wanafunzi weusi waongezwe, wapewe makazi, na historia yao ifundishwe. Baada ya saa 38 walitoka kwa mapatano, bila ya umwagaji damu. Idara ya taaluma za Wamarekani weusi ilianzishwa mwaka 1972. Mmoja wa viongozi wao, James Turner, alikwenda kuanzisha kituo kama hicho katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1969. Mwaka huohuo, mjini Montreal, wasomi weusi waliuvuruga mkutano wa chama kile cha 1957, wakidai sauti iliyo sawa katika uongozi wake.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Eduardo Mondlane alipata shahada ya udaktari Northwestern mwaka 1960, na miaka miwili baadaye akawa rais wa kwanza wa FRELIMO mjini Dar es Salaam, alikouawa mwaka 1969. Katika isimu, Morris Goodman alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wa Kimbugu cha Usambara, lugha yenye sarufi ya Kibantu na msamiati mwingi usio wa Kibantu. Maktaba yenye jina la Herskovits inahesabiwa miongoni mwa hazina kubwa kabisa za maandishi kuhusu Afrika. Tangu 2002 imehifadhi pia maelfu ya picha za Afrika ya Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960.

Basi, mtafiti wa Kiswahili atafutaye sura ya Mombasa au Unguja ya zamani huenda akaikuta kando ya Ziwa Michigan, katika chuo kilichojengwa ili kuwatenga vijana na dunia. Hilo si la kulaumu tu, maana kilichohifadhiwa hakikupotea. Lakini historia ya Northwestern yaonyesha kwamba kukusanya habari za watu si sawa na kuwakaribisha. Waliokaribishwa walikaribishwa kwa kudai wenyewe, na elimu ya chuo ilipanuka kila walipoingia.