Kinaso na Onyesho la Kwanza

Kwenye maduka ya kujaza filamu katika flashi, kama yanayohudumia miji ya machimbo mfano wa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, mteja haoneshwi filamu nzima. Muuzaji hufungua dakika chache za mwanzo, mteja akatazama amesimama, kisha akasema "niwekee hiyo" au "hebu nyingine". Mtu aliyetoka shifti ya usiku hana subira ya kungoja filamu ichangamke.

Kinachomfanya aseme "niwekee" kinahitaji jina. Watengenezaji husema "sini ya kwanza", na wapo wanaoandika "onyesho la ufunguzi". Neno ufunguzi lina kasoro: tumeshalikabidhi kwa mgeni rasmi, utepe na hotuba. Tena yote mawili yanataja mahali tu, hayataji kazi. Napendekeza tuseme onyesho la kwanza kwa mahali, na kinaso kwa kazi. Kama onja ilivyozaa kionjo, nasa na izae kinaso.

Tofauti hiyo ni ya zamani. Mwaka 1903 Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery, filamu yenye picha ya jambazi anayewafyatulia risasi watazamaji uso kwa uso. Wenye kumbi waliambiwa wanaweza kuiweka picha hiyo mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Picha ni ileile. Ikiwekwa mwanzoni ni kinaso, ikiwekwa mwishoni ni kishindo cha kuagia.

Lakini bunduki si lazima. Filamu nyingi za Kibongo huanza na gari: geti linafunguliwa, gari linatoka, linakata mitaa, muziki unapiga, na mtazamaji hajui kwa nini analifuata. Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, nayo huanza na gari. Ila kabla halijaondoka, tumemwona mtu akitega bomu la saa na kulificha kwenye buti. Kisha mume na mke wanapita zao kwa miguu, gari linasimama, linaondoka, linakaribia mpaka wa nchi, na kamera inawafuata kwa zaidi ya dakika 3 bila kukata. Kasi ya gari ni ndogo kuliko ya magari yetu. Tunakaa kwa sababu tunajua jambo ambalo walio ndani ya gari hawalijui. Walimu wa fasihi huiita hamu hiyo ya kungoja kitakachotokea taharuki, na kinaso ndipo taharuki inapopandwa.

Sidhani kwamba wasanii wetu walikosa kipaji. Kizazi cha mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, kiliuza filamu kwenye diski, mara nyingi hadithi moja ikikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Biashara hiyo ilihitaji dakika za kujazia, na gari likazitoa kwa gharama ndogo.

Sasa diski zimepungua, na mtazamaji anaweza kuruka mbele kwa kidole. Kwa hiyo, mwandishi wa muswada, kabla hujaandika "gari linatoka getini", andika kwanza nini kimo ndani ya buti, na nani anayejua.